Masundosundo yakirudi si ushahidi kwamba mtu katoka nje

Nimechoka jamani. Tena dada kaja kliniki hapa Malindi analia, chunjua za sehemu za siri, ndio masundosundo, zilichomwa zikaisha, sasa zimechipuka mbili tatu palepale na mavyaa yake kashatoa hukumu, eti mkwe katembea. Naandika ili mtu asome kabla talaka haijatoka.

Masundosundo yanaletwa na kirusi kiitwacho HPV, mara nyingi aina ya 6 na 11. Dawa zote tulizo nazo zinaondoa chunjua, kirusi haziking'oi. Kinabaki kwenye ngozi ya pembeni ambayo ukiitazama haina kitu, mpaka kinga ya mwili ikibane yenyewe, ndio maana kurudi ndani ya miezi mitatu ya kwanza ni kawaida sana hata kwa mtu ambaye hajaguswa na yeyote. Na toka kuambukizwa hadi chunjua kuonekana zinapita wiki, miezi, wengine hata miaka, kwa hivo ukiniuliza nani kaanza, sina kipimo cha kukujibu na hakuna daktari aliye nacho.

Tiba sasa. Podofilotoksini ni dawa unajipaka nyumbani asubuhi na jioni siku 3, unapumzika 4, mzunguko huo usizidi mara 4, mwenye mimba asiiguse. Imikwimodi ni krimu, unajipaka usiku mara 3 kwa wiki hadi wiki 16, wengi huachia njiani. Kliniki kuna TCA, asidi kali ya kuunguza chunjua, hii hata mjamzito anapakwa: nazungushia vaselini ngozi ya pembeni isiyo na chunjua, nachovya kijiti cha pamba, tone dogo tu, chunjua inageuka nyeupe kama chokaa, inachoma dakika chache kisha inatulia, na usinyanyuke haijakauka. Halafu kuna kugandisha chunjua kwa baridi kali, kuchoma kwa umeme, kukata. Vitabu vinasema mgonjwa achague, huku kwetu mara nyingi unapata iliyopo, na kusema kweli hakuna moja iliyozishinda zote.

Sindano ya "kusafisha damu" haisaidii kitu hapa. Ila najua imani hii ilikotoka: kaswende nayo inatoa vinundu sehemu za siri, bapa, vyenye unyevu, na hivo vinaisha kwa penisilini, basi jirani akipona kila mtu anataka sindano yake. Ndio maana napima kaswende kwanza. Siki na maji ya betri achaneni navyo, vinaunguza hata ngozi isiyo na chunjua.

Saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida inatokana na aina nyingine, hasa 16 na 18, lakini kipimo chake fanya tu. Chanjo ya HPV iliyoanza Kenya 2019 kwa wasichana wa miaka 10 inakinga, haitibu chunjua zilizokwisha kutoka.

Kinachonisumbua ni swali la "lini sitaambukiza tena?" Tarehe siwezi kukupa. Kondomu inapunguza, haizibi kila mahali. Mume naye aje, si kwa kesi, tumtazame na apimwe kaswende na HIV kama mkewe.