Msinipakie gundi kwenye nguo

Juzi tena, hapa Shangani, mama mmoja aliyemnunulia binti yake seti yangu ya mwanasesere wa karatasi na nguo zake alinirudia: “Dada, nguo zinadondoka. Zipake gundi basi.”

Jamani, ukipaka gundi umebaki na picha. Mwanasesere wa karatasi ni kubadilishwa nguo. Little Fanny, mwanasesere wa karatasi wa wachapishaji kina Fuller, London, mwaka 1810, alikuwa na kichwa kimoja kilichohamishwa vazi hadi vazi, na hata yeye hakugandishwa.

Nguo ikidondoka, kosa liko kwenye vishikizo, vile vilimi vya karatasi pembeni mwa nguo vinavyokunjiwa nyuma ya mwili. Gauni lina mabega. Weka viwili pale, kazi imekwisha. Khanga iliyofungwa kifuani haina bega. Zamani niliviweka nyongani, sehemu ya juu ikawa inainamia mbele kama inasujudu. Sasa naweka kimoja chini ya kila kwapa, upana wa sentimita moja, na vingine viwili kiunoni. Lakini kishikizo cha kwapani kinahitaji uwazi wa kupita, kwa hiyo mikono lazima iachane na mwili. Khanga ndiyo inayoamua mwanasesere wangu asimameje, kabla sijamchora hata jicho.

Halafu nyuzi za karatasi, yaani upande zilikolalia nyuzinyuzi zake. Ipinde kidogo huku, kisha kule. Inakopindika kwa urahisi, mkunjo unafuata nyuzi. Mimi nazisimamisha wima, kwenye manila ya mwili na kwenye karatasi ya nguo, kwa sababu mkunjo wa kishikizo cha ubavuni nao ni wima. Ukikunja kwa kukatiza nyuzi, kinapasuka rangi na kujirudisha chenyewe. Miezi ya mvua, unyevu wa bahari unalegeza hata kilichokunjwa vizuri. Hapo unakikunja upya kwa ukucha, huchukui gundi.

Khanga ya pili ya doti, ile ya kichwani, bado inanitesa. Naikata mwanya wa kupitisha uso, na mwanya huo huchanika kidevuni. Nimejaribu kuubandika kipande nyuma, unakakamaa.

Na jina la khanga! Likizunguka nyonga, nusu yake inaishia mgongoni, ndivyo khanga inavyovaliwa. Wateja wanataka lisomeke lote. Nimekuwa nikikataa. Lakini binti wa yule mama alipindua nguo, akatafuta maneno yaliyobaki nyuma, akakuta karatasi nyeupe. Tangu juzi naandika nusu ya pili upande wa nyuma.