Sijawahi kupigwa KO, daktari, sasa mbona nasahau?

Swali hili naulizwa na mabondia waliostaafu wanaoletwa kliniki na wake zao au watoto wao. Namwomba mzee ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, kisha ananyamaza, anarudi tena Oktoba, anamtazama mkewe. Halafu ndipo linakuja hilo swali, na linastahili jibu kamili. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na jibu lake ndilo ningependa kila kocha wa ngumi alijue.

Ubongo ni laini sana na unaelea ndani ya majimaji. Ngumi ya kidevu inapozungusha fuvu ghafla, ubongo hauzunguki nalo papo hapo. Unachelewa kidogo, kisha unafuata, na katika kuchelewa huko nyuzi ndefu za seli za neva zinavutwa na kupindwa. Zikivutwa sana, mtu anapata mtikisiko wa ubongo: kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, hajui ni raundi ya ngapi. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Na kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, mara nyingi kinatoka safi, kwa sababu kinatafuta damu iliyovuja na ufa wa mfupa. Nyuzi zilizovutwa hakizioni.

Sasa ngumi ndogo, ile ambayo bondia anaipokea na kuendelea kusonga mbele, nayo huzivuta nyuzi zilezile, ila kidogo. Hakuna dalili, hakuna anayehesabu.

Ndani ya nyuzi hizo kuna protini iitwayo tau. Kazi yake ni kama ya kamba zinazofunga mirunda kwenye jengo linalojengwa: inashikilia vijibomba ambavyo seli hutumia kusafirisha mahitaji yake. Uzi ukiumizwa tena na tena kwa miaka, tau inaachia, inajikunja, inashikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa mafundo. Seli inadhoofika, mwisho inakufa. Kwenye kioo cha hadubini, kipande cha ubongo kikishatiwa rangi, mafundo hayo yanaonekana ya kahawia, yamejikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu, chini kabisa kwenye mikunjo ya ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer nao una mafundo ya tau, lakini hayajipangi hivyo. Mpangilio huo ndio unaotambulisha ugonjwa tunaouita CTE, yaani ugonjwa wa ubongo uletwao na vishindo vya kichwa vya mara kwa mara.

Kwa mabondia jambo hili si geni: daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika juu ya mabondia wanaotembea na kuongea kama walevi mwaka 1928. Kilichoshtua dunia ni mwaka 2002, pale Pittsburgh, Bennet Omalu, daktari kutoka Nigeria, alipoufanyia uchunguzi mwili wa Mike Webster. Webster alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani misimu 17 kwenye ligi kuu ya NFL na kutwaa ubingwa mara nne. Alifariki akiwa na miaka 50, akili imemtawanyika, akiwa amefikia hatua ya kulala kwenye gari lake. Ubongo wake kwa macho ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika, akaagiza vipande vitiwe rangi, akaiona tau. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya NFL waliandika kutaka makala iondolewe. Haikuondolewa.

Nafasi aliyocheza Webster ni ya mstari wa mbele, ambako wachezaji wanagongana karibu kila mpira unapoanzishwa. Hapo ndipo penye jibu la mzee wangu. Mwaka 2023 watafiti walichambua wachezaji 631 wa mchezo huo waliotoa ubongo wao baada ya kufa. Idadi ya mitikisiko iliyotambuliwa haikutabiri nani ana CTE. Kilichotabiri ni jumla ya vishindo vyote kwa miaka yote. Huenda umesikia pia kwamba kati ya wachezaji 111 wa NFL waliochunguzwa Boston, 110 walikuwa na CTE. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini familia zinazotoa ubongo wa marehemu ni zile zilizokwisha kuona matatizo, kwa hiyo tusiseme kila mchezaji ataugua.

Soka nayo imo. Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa mipira ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na baadaye CTE ikathibitishwa kwenye ubongo wake. Huko Scotland, wachezaji wa zamani 7,676 walilinganishwa na watu wengine wa rika lao: vifo vitokanavyo na magonjwa ya kuoza kwa ubongo vilikuwa takribani mara tatu na nusu. Walinzi ndio walioathirika zaidi. Makipa, ambao ni nadra kupiga mpira kichwa, hatari yao ilikaribia ya watu wa kawaida.

Kwa hiyo makocha, naomba mtazame mazoezi kwanza. Bondia anapanda ulingoni mara chache kwa mwaka, lakini sparing, yaani kupigana kwa mazoezi, ni kila wiki, na huko nako vichwa vinapigwa. Punguzeni. Kofia ya mazoezi inazuia michubuko na kupasuka nyusi. Haizuii ubongo kuzunguka. Na aliyepata dalili za mtikisiko asirudi siku ileile hata akiapa yuko sawa, kwa sababu pigo la pili kwenye ubongo ambao haujapona linaweza kuuvimbisha na kuua.

Kwa familia nina neno moja zito. CTE inathibitishwa baada ya kifo tu, na hatuna dawa ya kuiponya. Lakini si kila bondia anayesahau ana CTE. Msimwache nyumbani mkisema ni ngumi za ujanani. Sonona, pombe, presha, kaswende, virusi vya UKIMWI na upungufu wa vitamini B12 vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu. Pia damu inaweza kujikusanya polepole kati ya ubongo na fuvu baada ya kuanguka tu bafuni, na hiyo daktari wa upasuaji anaitoa kwa tundu dogo. Mgonjwa aliyeingia akiburuta mguu na kuchanganya majina ya wanawe anaweza kutoka wodini anatembea vizuri na kuwaita wote kwa majina yao.