Zinki, risasi na mwanzo wa RNA: vitu tunaendelea kukosea

Mimi hufunza tuisheni ya kemia jioni huku Kayole, na kila mwaka tukifika kwa vichocheo lazima mtu ainue mkono aulize, ticha, kwani ni kweli uhai ulianzishwa na madini? Swali ni zuri sana. Shida ni majibu yenye wanakuja nayo kutoka kwa video za simu, na nimeona hata watu wazima wanayarudia vile vile, kwa hivyo wacha niyaandike hapa.

Ya kwanza, na ndio inanisumbua zaidi, ni ati ayoni za metali, yaani chembe za metali zenye chaji, ndio zilitoa nguvu ya kuunganisha RNA, ile molekuli jamaa ya DNA yenye wanasayansi wengi wanaona ilikuwa kati ya vitu vya kwanza vya uhai. Hapana. Metali hapa ni kichocheo, kitu cha kuharakisha kazi, na kichocheo hakileti nguvu. Fikiria matatu asubuhi, makanga anakuambia songa ndani, anabananisha watu, bila yeye gari ingekaa stage mpaka saa nne, lakini mafuta si yake, mafuta iko kwa tangi. RNA ni mnyororo wa vipande tunaita nukleotidi na kila kipande kiko na fosfeti yenye chaji hasi, sasa hasi na hasi zinafukuzana, hakuna mwenye anataka kukaa karibu na mwenzake. Magnesiamu ikiingia na chaji zake mbili chanya inatuliza huo ugomvi, alafu inasaidia hidroksili ya jirani (ile sehemu ya oksijeni na hidrojeni) kuachilia protoni yake ndio iweze kushika ile fosfeti. Hapo mambo yanaenda haraka. Lakini nguvu inatoka kwa kipande chenyewe. Leslie Orgel na wenzake kwa ile taasisi ya Salk huko California walikuwa wanatumia nukleotidi zenye zimefungiwa imidazoli, kipande kidogo chenye hutoka kwa urahisi, kwa fosfeti, na ni hio imidazoli ikitoka ndio kipande kipya kinapata kuingia. Chukua nukleotidi za kawaida uweke kwa maji na zinki, utangoja sana.

Alafu kuna wenye husema metali ni metali, yoyote ingefanya hio kazi. Hapa ndio napenda sana, juu majaribio yenyewe yanajibu wazi. Sukari ya RNA iko na mahali pawili penye panaweza kushika kipande kinachofuata, namba 2 na namba 3, na miili yetu hutumia namba 3. Mwaka wa 1980 kina Orgel walionyesha kwamba wakiweka mnyororo wa herufi C (nukleotidi za RNA ni aina nne, A, U, G na C, na G hushikana na C) uwe kielelezo cha kunakili, alafu vipande vya G vijipange juu yake, ayoni za zinki zinaleta muungano wa namba 3 kwa wingi, lakini ukitoa zinki uweke risasi (ile metali, lead, si ya bunduki), nyingi zinaangukia namba 2. Vipande ni vile vile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni ayoni peke yake na mnyororo unatoka tofauti! Usikimbie sasa useme basi ni zinki ilianzisha kila kitu, juu hata kwa seli za leo zile enzaimu za kuunganisha RNA huwa na zinki kwa umbo lao lakini kazi yenyewe ya kuunganisha inafanywa na magnesiamu mbili.

Ingine ni ati ukiongeza metali RNA inaongezeka. Ukweli ni kwamba mkono wenye unaunganisha ndio huo huo unakata. Magnesiamu ikiwa nyingi, na maji yawe ya moto ama yaelekee upande wa besi, RNA inakatika vipande, na risasi ni mbaya zaidi kwa hio kazi ya kukata, watafiti wanaijua kwa miaka mingi. Na si hapo tu, vile viputo vya asidi za mafuta wanasayansi wengi wanaona ndio vilikuwa kama ngozi ya seli za kwanza, magnesiamu inavivunja. Sasa utafanya nini, RNA inaitaka na ngozi haiitaki? Mwaka wa 2013 Katarzyna Adamala na Jack Szostak walitumia sitrati, jamaa ya ile asidi iko kwa ndimu, ikashika magnesiamu kwa upole hivi, viputo vikabaki vizima na kunakili RNA kukaendelea ndani yake. Mimi naona hio ni kati ya kazi nzuri kabisa kwa hii mambo yote.

Na chuma? Watu husema haiwezi kusaidia RNA, si chuma hushika kutu na kuzama. Leo ni kweli, juu ya oksijeni. Lakini hewa ilianza kupata oksijeni ya maana kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, kabla ya hapo chuma ilikuwa imeyeyuka baharini kwa wingi, na kikundi cha Loren Williams cha Georgia Tech kilionyesha chuma ya aina hio inaweza kuchukua nafasi ya magnesiamu ndani ya RNA.

Ile ya kusema Stanley Miller, yule mwanasayansi wa jaribio maarufu la mwanzo wa uhai, alitengeneza DNA mwaka wa 1953 sitakaa nayo, alipata amino asidi, vipande vya protini, basi.

Ya mwisho inatuhusu sisi karibu. Watu hudhani metali zote zilikuwa zinasaidia. Kalisiamu inashika fosfeti inaifanya mawe, na bila fosfeti hakuna RNA. Sasa angalia Ziwa Magadi hapo chini ya Nairobi, kwa maji yenye kaboneti nyingi vile, kalisiamu inashikwa na kaboneti kwanza na fosfeti inabaki huru majini. Toner na Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walitumia maziwa ya aina hio kueleza fosfeti ya zamani ilitoka wapi. Ni ile ile magadi mama anatia kwa maharagwe yaive haraka. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, ticha, tukienda huko na chupa si tutapata RNA ikijiunda? Hatuwezi, nikamwambia, leo ziwa limejaa bakteria, na kitu kama hicho kikitokea kinaliwa kabla hujafungua chupa.