Pande tatu za pembetatu: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana: Urefu wowote wa aina tatu hufanya pembetatu.
Kata mabua ya sm 2, 5 na 9. Laza lile refu mezani, shikiza mengine mawili kwenye ncha zake, kisha yainamishe yakutane. Hayafikiani, kwa sababu 2 + 5 ni 7 tu. Pande mbili zozote zikijumlishwa lazima zizidi ule wa tatu.

Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilithibitisha hili katika hoja ya 20 ya kitabu cha kwanza cha Elements, maandishi yake ya jiometri. Proclus, mwanafalsafa aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus waliubeza uthibitisho huo: hata punda anajua, maana akiona majani huyaendea moja kwa moja, hazunguki. Proclus akawajibu kuwa kuona jambo ni kweli si sawa na kujua kwa nini ni kweli. Mimi niko na Proclus.

Dhana: Jozi moja ikitimia, yatosha.
Kwa mabua yaleyale, 2 + 9 inazidi 5, na mwanafunzi anaweka tiki, ilhali 2 + 5 haifiki 9. Jumlisha zile mbili fupi, linganisha na ndefu. Hiyo ikipita, zote zimepita.

Dhana: Ukipewa pande 5 na 9, wa tatu tafuta kwa kanuni ya Pythagoras.
Kosa hili huniuma kuliko yote, kwa kuwa hesabu yenyewe huwa imefanywa vizuri. Kanuni hiyo inadai pembe mraba, na hapa hakuna aliyeitaja. Ziwazie pande hizo kama fito mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Ukizifunga kabisa, ncha zake huachana kwa 9 − 5, yaani 4. Ukizinyoosha kabisa, huachana kwa 14. Upande wa tatu unaweza kuwa urefu wowote kati ya hapo, ila 4 na 14 zenyewe hazimo: hapo fito zimelaliana au zimenyooka, na pembetatu imekuwa mstari. Kwa namba nzima basi, ni 5 hadi 13, majibu 9.

Dhana: Pembetatu pacha (pande mbili sawa) yenye pande 4 na 9 ina majibu mawili.
Jaribu 4, 4, 9: jumla ya 8 haifiki 9. Upande wa tatu ni 9, mzingo 22. Lakini badili 4 iwe 6, na majibu yanakuwa mawili kweli: 6, 6, 9 yenye mzingo 21, na 6, 9, 9 yenye mzingo 24.