Picha za utupu za vijana: nani hasa ashtakiwe?

Binti wa miaka 16 anajipiga picha ya utupu, anamtumia mpenzi wake wa rika lake, kisha wanaachana. Siku chache baadaye picha imezagaa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Katika nchi nyingi, sheria ya picha za ngono za watoto humhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na huharamisha kutengeneza, kumiliki na kusambaza. Ukiisoma neno kwa neno, binti huyo ametenda yote matatu. Aliyeumizwa ndiye huyo huyo mtuhumiwa.

Sheria za namna hiyo zilikusudiwa kuwabana watu wazima wanaowadhulumu watoto. Kumshtaki nazo mtoto mwenyewe ni kumpa nguvu mhalifu: mtoto anayejua kwamba akifika polisi atawekwa ndani, hafiki. Anayemwambia "tuma pesa au nairusha" anautegemea ukimya huo.

Mwaka 2021, Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Na. 25, ilisema watoto wasihesabiwe wahalifu kwa picha walizojipiga na kutumiana kwa ridhaa, kwa matumizi yao ya faragha tu. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa limeshawawekea vijana kinga mwaka 2014, na papo hapo likafanya kuwa kosa kusambaza isivyostahili picha ya faragha ya mtu mwingine, au kutishia kuisambaza.

Naona hapo ndipo pa kuchora mstari. Ridhaa nayo ichunguzwe: kijana aliyeombwa na kusumbuliwa usiku kucha hadi akachoka hakuridhia. Kijana aliyeirusha picha kundini awajibishwe, kwa mfumo wa watoto, bila kuandikwa kwenye daftari la wahalifu wa ngono. Mtu mzima, au yeyote anayedai pesa, huyo asionewe haya.

Mzazi au mwalimu ukiletewa kesi hii, usijitumie picha "kwa ushahidi". Nawe utakuwa unaimiliki. Andika jina la akaunti na saa, kisha toa taarifa. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down: simu huigeuza picha kuwa msimbo, na msimbo huo pekee ndio hutumwa kwa mitandao iliyojiunga ili iitafute na kuiondoa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu.