Harufu ya asumini na ulinzi wa seli za mimea

Sehemu ya harufu ya asumini, ile inayojaa nyumba kikuba kikiwekwa, inatokana na kemikali iitwayo methili jasmoneti. Ilitambuliwa mwaka 1962 kwenye mafuta ya asumini, na kwa miaka mingi walioijali hasa ni watengeneza manukato. Mimea ina kazi nyingine nayo. Kiwavi akitafuna jani, au baadhi ya kuvu wakishambulia, homoni za jamii hii, yaani jasmoneti, ndizo zinazosambaza habari ya uvamizi.

Habari hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye seli zinazokuzwa nje ya mmea. Kipande cha jani au shina hutakaswa vijidudu, huwekwa kwenye lishe yenye sukari, chumvi na homoni za ukuaji, kikaota bonge laini la seli. Bonge likitiwa kwenye chupa ya lishe ya majimaji inayotikiswa usiku na mchana, seli hutawanyika na kuendelea kugawanyika. Zimeshiba na hazina adui, basi mara nyingi hazijisumbui kutengeneza sumu za kujihami. Kwetu hilo ni tatizo, maana sumu hizo ndizo dawa tunazozitafuta.

Mwaka 1992 kundi la mtafiti Meinhart Zenk, jijini Munich, Ujerumani, lilizichokoza seli za Eschscholzia californica, ua la jamii ya mpopi, kwa vipande vya kuta za seli za hamira. Seli zilidhani zimevamiwa na kuvu: asidi ya jasmoniki, mojawapo ya jasmoneti, ilipanda haraka, kisha zikafuata alkaloidi, yaani kemikali chungu zenye nitrojeni, za kujihami. Watafiti wakaiacha hamira, wakatia methili jasmoneti peke yake. Alkaloidi zikaja vilevile. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo jaribio lenye uzito, kwa sababu lilionyesha kwamba homoni yenyewe yatosha kuwa amri, hata mvamizi asipokuwepo.

Ndani ya seli mambo huenda hivi. Asidi ya jasmoniki hutengenezwa kutokana na mafuta ya utando wa kloroplasti, vile vifuko vya kijani ndani ya seli, au wa vifuko vingine vya jamii hiyo (plastidi), kisha huunganishwa na asidi amino iitwayo isolusini. Muungano huo huzinasisha protini za JAZ kwenye protini nyingine, COI1. JAZ ndizo breki: wakati wa amani huishikilia MYC2, protini inayowasha jeni za ulinzi. Zikishanaswa, hutiwa alama na kuvunjwavunjwa. MYC2 ikabaki huru, jeni zikawaka.

Kipimo kinachotumika sana maabara ni kidogo, takriban miligramu 22 za methili jasmoneti kwa lita ya lishe. Lakini seli inayojihami hupunguza kukua, na ukiitia homoni mapema utapata seli chache mno. Ndiyo maana kwa kawaida huachwa zikaongezeka kwanza, ndipo zikashtuliwa.

Faida yake kubwa imeonekana kwa paklitakseli, dawa ya saratani ya matiti na ya ovari. Mwanzoni ilitolewa kwenye magome ya Taxus brevifolia, mti wa Amerika Kaskazini unaokua polepole, na ukiuchuna magome yote unakufa. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba methili jasmoneti huongeza sana paklitakseli katika seli za Taxus zilizokuzwa. Leo sehemu ya dawa hiyo hutoka kwenye matangi ya seli, bila mti kuguswa.