Kusukuma Chuma Juu ya Kichwa: Maswali na Majibu

Zoezi tunalolizungumzia hufanywa kwa kusimama: chuma (fimbo ndefu inayotiwa sahani za uzito kwenye ncha) kinaanzia mbele ya shingo, kinasukumwa kwa mikono mpaka viwiko vinyooke juu ya kichwa, na magoti hayasaidii.

Nishike chuma vipi?

Viganja vikae nje kidogo tu ya mabega. Mtu akikutazama kutoka mbele, kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) kionekane kimesimama wima. Ukishika kwa upana zaidi, vigasha vinalala nje na nguvu inapotea pembeni. Kidole gumba kizunguke chuma, kisiachwe nyuma pamoja na vile vingine.

Chuma kilale sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo, si kwenye mashina ya vidole. Kikikaa kwenye vidole, kifundo kinakunjika nyuma na uzito unaning'inia nyuma ya mifupa ya kigasha. Hapo ndipo wengi wanapoanza kulalamika vifundo vinauma. Viwiko navyo viwe mbele kidogo ya chuma. Vikibaki nyuma, utakisukuma chuma mbele badala ya juu.

Nianzeje kusimama?

Weka stendi ya kuegeshea chuma usawa wa kwapa, ili usilazimike kusimama kwa ncha za vidole kukitoa chuma. Rudi hatua mbili fupi, miguu upana wa nyonga, nyayo zote chini. Kaza mapaja na makalio kabla chuma hakijasogea, si baadaye.

Mbona chuma kinakwama usawa wa paji la uso?

Mara nyingi tatizo ni njia, wala si udhaifu wa mabega. Chuma kinatakiwa kupanda wima juu ya katikati ya unyayo, lakini kichwa kimekaa njiani. Ama chuma kizunguke uso, ama kichwa kikipishe. Wengi huzungusha chuma bila kujua, na kinapofika usawa wa macho kiko mbali mbele ya bega. Umbali huo ndio gharama: chuma cha kilo 40 kikiwa sentimita 10 mbele ya bega kinalitwisha bega kazi maradufu ya kilipokuwa sentimita 5, ingawa uzito haujabadilika.

Basi kipishe wewe. Vuta kidevu nyuma mpaka shingo ifanye mikunjo, inua kifua, halafu sukuma chuma kipite karibu na pua. Kikishavuka paji la uso, peleka kichwa na kifua mbele, chini ya chuma. Mwishoni, ukitazamwa kwa ubavu, chuma, bega, nyonga na katikati ya unyayo viwe kwenye mstari mmoja. Usitazame juu kukifuata. Macho yabaki mbele.

Kuna zoezi dogo la kurekebisha. Chukua ufito mwepesi, simama ukiutazama ukuta, vidole vya miguu vikiwa sentimita chache kutoka ukutani, kisha sukuma juu bila ufito kugusa ukuta. Ukigusa, umeshajua kosa liko wapi. Kujirekodi kwa simu kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa bega, kunasaidia kuliko kioo cha mbele, ambacho hakionyeshi kosa hili kabisa.

Kupinda mgongo nyuma kunaruhusiwa?

Nyonga kusogea mbele kidogo wakati wa kuanza ni kawaida. Kupinda kiuno huku mbavu zikichomoza ni jambo jingine: zoezi linageuka kuwa la kifua, na uti wa mgongo wa chini ndio unaolipa. Kosa hili lina historia yake. Mtindo huu wa kunyanyua uliondolewa Olimpiki baada ya Munich 1972, kwa kuwa wanyanyuaji walikuwa wakilala nyuma kiasi cha kuwatatiza waamuzi.

Jipime: egemeza mgongo ukutani, mbavu chini, inua mikono iliyonyooka. Kama haifiki ukutani bila kiuno kubinuka, kinachokosekana ni ulaini wa mabega au wa mgongo wa juu. Fanyia kazi hilo kwanza, uzito usubiri.

Je, zoezi hili linaharibu mabega?

Likifanywa sawasawa kwa bega lisilo na jeraha, hapana. Mkono unapopanda karibu nyuzi 180, takriban 60 hutokana na kombe la bega (mfupa bapa wa nyuma ya bega) kuzunguka. Ndiyo maana ushauri wa kuyabana makombe chini haufai hapa. Juu kabisa, inua mabega kuelekea masikioni. Kushusha chuma nyuma ya shingo tunakuacha kwa wenye mabega laini sana. Maumivu ya kuchoma, ganzi, au bega linalouma usiku ni sababu ya kusimama na kumwona daktari.

Pumzi je?

Vuta pumzi chuma kikiwa chini, kaza tumbo, izuie kikipanda, vuta nyingine kikirudi mabegani. Kubana pumzi hupandisha presha kwa muda, kwa hiyo mwenye presha ya kupanda isiyodhibitiwa, au ugonjwa wa moyo, aulize daktari kwanza.

Nianze na kilo ngapi?

Chuma kitupu cha kawaida kina kilo 20. Kama ni kizito, tafuta cha 15 au chepesi zaidi. Seti 3 (yaani mafungu matatu) za mara 5, siku mbili kwa wiki, zinatosha kuanza. Usiongeze kwa mwendo ule wa kuchuchumaa na chuma mabegani: kilo 2.5 juu ya 100 ni asilimia 2.5, lakini juu ya 40 inazidi asilimia 6. Tafuta sahani za nusu kilo, moja kila upande. Marudio ya mwisho yakianza kukukunja kiuno, seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.